Mpango wa majengo ya parokia sharti udumu kuliko paroko

MNAMO Novemba 2024, Jimbo Kuu la Nairobi la Kanisa Katoliki lilifanya jambo lisilo la kawaida katika siasa za Kenya. Lilikataa fedha za Rais.

Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza kwamba mchango wa Sh2.6 milioni uliotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, mashariki mwa jiji, urejeshwe kwa aliyeutoa. Aidha, alikataa ahadi ya Sh3 milioni zaidi na basi la parokia.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa kisiasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliompongeza Askofu Mkuu walisema Kanisa limejivua nira ya wanasiasa. Waliomlaumu walishikilia kwamba sadaka ni sadaka, na kwamba mkono utoao haupaswi kuulizwa jina. Ni wachache waliotua kidogo na kutazama fedha zenyewe zilikuwa za kazi gani. Kati ya hizo Sh2.6 milioni, Sh2 milioni zilikusudiwa kujengea nyumba ya padre.

Nyumba ya padre si dharura kama moto au mafuriko. Ni jengo ambalo kila parokia hujua, tangu siku inapoanzishwa, kwamba italihitaji. Kwa hivyo swali linalobaki baada ya siasa kutulia ni hili: majengo ya parokia hupangwa na nani, kwa muda gani, na hugharamiwa vipi?

Swali hilo haliihusu Soweto pekee. Linazihusu parokia zote za jiji, na lina uzito wa namna yake katikati ya Nairobi na katika mitaa ya magharibi, yaani Westlands, Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Kangemi. Huko kuna jambo la ziada. Mbali na uhaba wa fedha za ujenzi, ardhi yenyewe inayokaliwa na kanisa imekuwa mali inayomezewa mate na wengi.

Shamba lililogeuka mtaa

Historia ya upande huo wa jiji ina funzo la wazi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliingia Nairobi mwaka wa 1899, mwaka ule ule reli kutoka Mombasa ilipofika. Wakati huo hapakuwa na jiji. Palikuwa na kambi ya reli, kinamasi na mahema. Chini ya Askofu Emile Allgeyer, wamisionari hao waliweka kituo magharibi mwa kambi hiyo, pembezoni mwa makazi ya Wakikuyu, wakakiita St Austin's.

Muda si muda walipanda kahawa. Mibuni iliyotokana na miche ya misheni ilienea nchini, na hadi leo wataalamu wa zao hilo hulitambua kwa jina la French Mission. Kilimo hicho kiliwapa mapadri chakula, na juu ya yote kiliwapa mapato ya kuendeshea kazi yao bila kungoja meli kutoka Ulaya.

Leo msafiri anayepita barabara ya James Gichuru haoni shamba la kahawa. Anaona nyumba za kifahari, maduka ya Lavington na majengo ya ghorofa yanayozidi kurefuka. Sehemu kubwa ya ardhi ya misheni iligeuka mtaa wa makazi. Kilichobaki ni kanisa la St Austin's na taasisi zilizopewa mahali pake mapema: shule ya masista wa Loreto kule Msongari, waliofika nchini mwaka wa 1921, na shule ya St Mary's iliyofunguliwa mwaka wa 1939.

Hakuna haja ya kuwalaumu walioamua wakati huo, kwani kila kizazi huamua kwa macho yake. Hata hivyo, tofauti inaonekana. Ardhi iliyotengewa kazi maalumu ilidumu. Iliyohesabiwa kuwa shamba tu ilikwenda na wakati, na katika jiji kama Nairobi ardhi ikishatoka mkononi hairudi. Hakuna parokia leo inayoweza kununua tena Lavington.

Pana jambo jingine ambalo haifai kulipuuza. Ardhi hiyo ilipatikana chini ya utawala wa kikoloni, katika nchi iliyokuwa na wenyewe. Maadamu Kanisa lilibaki nayo baada ya Uhuru, lina wajibu mzito zaidi wa kuonyesha kwamba linaitumia kwa manufaa ya watu, wala haliiweki kama akiba ya kuuzia siku bei itakapopanda.

Jengo lililotangulia waumini

Funzo la pili liko katikati ya jiji. Basilika ya Familia Takatifu, iliyo hatua chache kutoka City Hall na majengo ya Bunge, ilijengwa kati ya mwaka wa 1960 na 1963. Msanifu wake alikuwa Dorothy Hughes, mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya usanifu majengo nchini Kenya. Jengo hilo lilichukua mahali pa kanisa la mawe lililojengwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wa 1982 lilipewa hadhi ya basilika ndogo.

Jambo la kustaajabisha ni ukubwa wake kwa wakati wake. Miaka michache baada ya kukamilika, sensa ya 1969 iliwahesabu wakazi 509,286 jijini Nairobi. Sensa ya 2019 iliwapata 4,397,073, zaidi ya mara nane. Kanisa hilo linalokalisha maelfu lingeweza kuonekana ubadhirifu mwaka wa 1963. Miaka 60 baadaye bado linajaa Jumapili, na siku za kazi makarani, mawakili na wachuuzi huingia kwa misa ya mchana kabla ya kurejea kazini.

Hiyo ndiyo maana ya mpango wa muda mrefu. Walioamua mwaka wa 1960 walijenga kwa ajili ya watu ambao bado walikuwa hawajazaliwa.

Lakini uwanja unaoizunguka Basilika nao unasimulia upande wa pili. Katika eneo hilo hilo, kwenye barabara ya Kaunda, limesimama jengo la ofisi la Cardinal Otunga Plaza, lililopewa jina la Kardinali Maurice Otunga aliyeliongoza Jimbo Kuu kuanzia 1971 hadi 1997. Kanisa lenye ardhi katikati ya jiji haliwezi kujifanya halioni thamani yake. Jengo la kupangisha laweza kulipia kazi nyingi za Injili. Swali la busara ni kiasi gani cha uwanja kitolewe kwa shughuli hizo, kwa masharti gani, na ni sehemu gani isiyoguswa kamwe.

Parokia isiyo na mpango haina jibu la swali hilo. Kwa sababu hiyo hujibiwa na yeyote anayebisha hodi na michoro mizuri.

Hatari ya kujenga kipande kwa kipande

Wengi wanaozijua parokia za mjini wanalifahamu gurudumu hili. Paroko mpya anafika akiwa na ari. Anaona ukumbi ni mdogo, anaitisha harambee, msingi unachimbwa. Kabla simiti haijakauka vizuri, anahamishwa. Mrithi wake anaona afadhali kuanza na ukuta na lango. Wa tatu anapendelea pango la Bikira Maria na maegesho ya kabro. Baada ya miaka 20, kiwanja kina majengo saba yasiyojuana.

Athari zake huonekana baadaye. Tangi la majitaka limefunikwa na darasa la katekisimu, na hakuna ajuaye lilipo hadi linapofurika. Gari la zimamoto haliwezi kulifikia kanisa kwa sababu kibanda cha vitabu kilijengwa njiani. Mzee wa kiti cha magurudumu hubebwa na vijana kupandishwa ngazi, ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa.

Fauka ya hayo, mazingira ya nje ya ua yamebadilika. Katika Kilimani na Kileleshwa, nyumba moja iliyokuwa na bustani imeondolewa kupisha ghorofa la familia nyingi. Watu hao ni waumini watarajiwa, lakini pia ni magari, majitaka na mahitaji ya maji. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kwa urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iligeuza sura ya Waiyaki Way. Shambulizi la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67 katika Westlands, liliyalazimu makanisa kufikiria upya malango yake: jinsi ya kuwakagua wanaoingia, na muhimu vile vile, jinsi umati utakavyotoka haraka ikitokea hatari.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloweza kutatuliwa na harambee ya Jumapili moja. Yote yanahitaji ramani moja ya kiwanja kizima, iliyochorwa na wataalamu, ikajadiliwa na waumini na kupitishwa na Jimbo.

Sheria za Kanisa zinasemaje

Huenda baadhi ya waumini wakadhani kwamba mambo ya mipango ni mtindo ulioletwa na wahasibu. Sivyo. Sheria za Kanisa za mwaka wa 1983 zimeyaeleza kinaganaga.

Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha la kumsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1283 inamtaka msimamizi, kabla ya kuanza kazi, aandae orodha kamili ya mali yote, nakala moja ikae katika ofisi ya usimamizi na nyingine katika ofisi kuu ya Jimbo. Kanuni ya 1284 inamtaka ahakikishe mali haipotei wala kuharibika, achukue bima inapohitajika, atunze vitabu vya hesabu na kuhifadhi mahali salama hati zinazothibitisha haki za Kanisa.

Kuhusu kuuza au kutoa mali ya thamani kubwa, kanuni za 1291 na 1292 zinadai idhini ya wakuu. Hata kupangisha ardhi ya Kanisa kuna masharti yake. Kwa maneno mengine, paroko ni mtunzaji, na kiwanja cha parokia si chake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Parokia inayotaka kuanza mpango wa miaka 30 haihitaji kuanza na msanifu wa majengo. Ianze na daftari: kila jengo, mwaka lilipojengwa, hali ya paa, nyaya za umeme na mabomba, kila mti mkubwa, kila kaburi, na kila mkataba uliotiwa saini na mpangaji au kampuni ya simu.

Hatimiliki na miaka iliyobaki

Sehemu ya pili ya daftari hilo ni hati za ardhi. Kwa kawaida ardhi ya makanisa hushikiliwa na wadhamini waliosajiliwa kisheria, wala si na parokia yenyewe. Utaratibu huo una faida yake, kwani wadhamini hawahamishwi pamoja na paroko. Lakini una hatari: waumini wanaweza kujenga kwa miaka 40 juu ya ardhi ambayo hawajawahi kuuliza hati yake ikoje.

Sehemu kubwa ya viwanja vya Nairobi ni vya kukodi kwa muda maalumu, na mikataba mingi ya kale ilikuwa ya miaka 99. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye mkataba ambaye ni raia nafasi ya kufikiriwa kwanza muda unapokwisha, ila tu kama ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Nafasi hiyo ina maana kwa anayejua tarehe yake.

Isitoshe, Kifungu cha 65 cha Katiba kinaeleza kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba usiozidi miaka 99, na kwamba mali iliyo mikononi mwa wadhamini huhesabiwa kuwa ya raia iwapo tu wanufaika wote ni raia. Mashirika ya kitawa yenye asili ya ng'ambo, ambayo yanaendesha baadhi ya parokia jijini, yanapaswa kupata ushauri wa wakili kuhusu kifungu hicho sasa, kabla ya kuchora jengo lolote la miaka mia.

Kwamba ardhi isiyo na hati safi hunyakuliwa si hadithi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Mnamo Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walirushiwa vitoa machozi walipoandamana dhidi ya ukuta uliojengwa kuuzunguka uwanja wao wa michezo. Miezi kumi baadaye, hayati Papa Francis alipolitembelea kanisa la St Joseph the Worker huko Kangemi, aliwakemea wajenzi binafsi wasiojulikana sura ambao hujitwalia ardhi, hata viwanja vya shule vya watoto.

Maneno hayo yaliwalenga wanyakuzi. Lakini yanaigusa pia parokia yenyewe. Uwanja wazi wa kanisa, katika jiji lenye nafasi chache za watoto kuchezea, una thamani ambayo haiandikwi katika bei ya soko.

Kangemi na Lavington

Ni vizuri kukumbuka mahali maneno hayo yalikosemewa. Kutoka Kangemi hadi Lavington ni mwendo mfupi, hata kwa miguu. Upande mmoja pana viwanja vipana na miti ya tangu enzi za misheni. Upande wa pili pana parokia inayosimamiwa na Wajesuiti, iliyozungukwa na vyumba vya mabati na ghorofa za bei nafuu, ikiwa na shule na zahanati katika nafasi iliyobanwa.

Mpango unaotazama parokia moja moja hauwezi kuona tofauti hiyo. Parokia tajiri itapanga ukumbi wa pili na maegesho ya ghorofa mbili, na jirani yake itaendelea kuendesha misa watu wakiwa wamesimama nje. Kwa hivyo mipango ya parokia inapaswa kuwekwa mezani pamoja katika ngazi ya dekania na ya Jimbo, ili iulizwe ni wapi pana nafasi, ni wapi pana watu, na nani amsaidie nani.

Wamisionari wa 1899 walikuwa na faida moja kubwa: walipata ardhi kabla ya jiji kufika. Kanisa la leo linaweza kufanya vivyo hivyo katika maeneo ambayo jiji linaelekea, kwa kununua viwanja mapema na kwa haki. Anayengoja watu wajae ndipo atafute ploti atailipia mara kumi, au atajenga kanisa lisilo na uwanja.

Hoja ya maskini

Pana wanaopinga mambo haya kwa hoja nzito. Kanisa ni watu, wanasema. Parokia ina wagonjwa, yatima na vijana wasio na kazi. Iweje mamilioni yatumike kwa michoro, wapimaji ardhi na paa?

Hoja hiyo inastahili heshima, lakini hesabu zinaelekea upande mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba la maji ya mvua lililoziba hurekebishwa kwa fedha kidogo, lakini likiachwa miaka kumi huozesha mbao za paa na kupasua ukuta. Gharama hiyo haitolewi mahali pengine ila katika kapu lile lile la maskini.

Chukulia mfano wa kubuni. Tuseme paa la kanisa litahitaji kubadilishwa baada ya miaka 20 kwa Sh12 milioni. Bila kuhesabu riba wala kupanda kwa bei, hiyo ni Sh50,000 kwa mwezi. Parokia yenye jumuiya ndogo ndogo 25 itaweka Sh2,000 kwa kila jumuiya kwa mwezi. Ni fedha zinazoweza kupatikana bila kumwita mgeni wa heshima. Ikingoja paa livuje, itahitaji Sh12 milioni mara moja, na hapo ndipo mwanasiasa huonekana malaika.

Vivyo hivyo kwa maji. Paa la mita za mraba 1,000, katika mji unaopata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, hupokea lita 900,000. Hata thuluthi moja ya maji hayo ikipotea, zinabaki lita 600,000. Kwa parokia yenye zahanati au shule katika jiji ambalo mifereji hukauka mara kwa mara, matangi ya kutosha si anasa. Zaidi ya hayo, maji yanayozuiwa juu ya paa hayaongezi mafuriko chini, na wakazi wa Nairobi hawajasahau mafuriko ya Aprili na Mei 2024.

Dunia nayo imetoa somo. Kanisa Kuu la Notre-Dame jijini Paris lilipoungua Aprili 15, 2019, zaidi ya Euro milioni 800 zilichangwa, na likafunguliwa tena Desemba 2024. Lakini miaka miwili kabla ya moto huo, wasimamizi walikuwa wakizunguka wakiomba fedha za ukarabati wa kawaida. Binadamu huchangia upesi kinachoungua kuliko kinachochakaa. Parokia za Nairobi hazina wafadhili wa Paris. Haziwezi kuruhusu mambo yafike huko.

Mambo matano ya kuanzia

Mpango mzuri hauhitaji kuwa kitabu kikubwa. Unahitaji mambo matano yasiyobadilishwa ovyo.

Kwanza, ramani ya kiwanja inayoonyesha sehemu tatu: ya ibada na huduma, ya kuleta mapato, na ya wazi isiyojengwa. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo ya kulindwa zaidi. Mnamo Novemba 2020, wakati wa ujenzi wa Expressway, mti wa mugumo wa miaka mingi kando ya Waiyaki Way uliokolewa baada ya kilio cha umma na amri ya Serikali. Mti ulio ndani ya ua wa kanisa haupaswi kungoja amri ya Rais.

Pili, kanuni kwamba ardhi haiuzwi. Ikilazimu kuwekeza, ipangishwe kwa muda unaojulikana, majengo yarudi kwa Kanisa muda ukiisha, na mkataba usomwe na wakili asiye na maslahi ndani yake. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi yapitie kaunti, kulingana na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019. Ni vyema pia kukumbuka kwamba kwa miaka mingi sheria za kodi za ardhi zimetofautisha mahali pa ibada na mahali pa faida, na msamaha wa kodi haufuati duka.

Tatu, mfuko wa ukarabati ulio na akaunti yake, usioguswa kwa ujenzi mpya. Mapato ya upangaji, iwe ni ya ofisi, ukumbi au maegesho, yaanze kwa kuujaza huo.

Nne, kamati ya majengo yenye watu wa fani: mhandisi, mpimaji ardhi, mhasibu, wakili, na pamoja nao mama wa jumuiya anayejua choo kipi hakifanyi kazi. Wajumbe waingie na kutoka kwa zamu ili wasiondoke wote kwa mara moja, na mjumbe mwenye kampuni ya ujenzi asiombe kandarasi ya parokia.

Tano, utaratibu wa makabidhiano. Paroko anapohamishwa, mrithi wake akabidhiwe mpango pamoja na funguo, mbele ya baraza la parokia. Akitaka kuubadilisha, na ana haki ya kupendekeza, afanye hivyo kwa maandishi, kwa sababu zilizojadiliwa na kwa idhini ya Jimbo.

Wa kuulizwa ni nani

Jambo la tano ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linagusa mamlaka. Kuna mapadri watakaohisi kwamba mikono yao imefungwa. Kuna waumini matajiri, waliozoea kuchangia jengo wanalolipenda na kuwekewa bamba la jina ukutani, ambao hawatafurahia kuambiwa kwamba zamu ni ya mabomba ya majitaka.

Lakini Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua tangu miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zitakazokuwa msingi wa Kanisa katika eneo hili. Uamuzi huo hauwezi kuishia kwenye sala na kuzika wafu. Watu wanaoombwa kutoa Sh2,000 kila mwezi wana haki ya kuiona ramani, kuuliza maswali na kusomewa hesabu.

Hapo ndipo tukio la Novemba 2024 linapopata maana yake kamili. Kurudisha Sh2.6 milioni kulihitaji ujasiri wa siku moja. Kuishi bila kuzihitaji kunataka uvumilivu wa miaka 30, wa kuweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya paa ambalo bado halivuji. Agizo la Askofu Mkuu linaweza kufunga mlango wa mwanasiasa, lakini haliwezi peke yake kuijenga nyumba ya padre.

Jiji la Nairobi halitaacha kukua. Katika miaka 60 ijayo, ghorofa za Kilimani na Lavington zitazeeka na nyingine zitajengwa juu yake, na watu watakaoingia Basilika kwa misa ya mchana watakuwa wajukuu wa wanaoingia leo. Watakachokikuta uani, iwe ni kivuli cha mti na uwanja wa watoto au ukuta wa jengo la biashara la mtu mwingine, kinaamuliwa sasa, katika vikao vya parokia ambavyo mara nyingi huhudhuriwa na watu kumi.